Shati la Fundi Chande

Aliondokea fundi mmoja, jina lake Chande. Kazi yake ilikuwa kuvunja betri chakavu za magari na kuyeyusha risasi, yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani yake. Alikuwa na mke, Zaituni, na binti wa miaka miwili, Sikudhani, aliyempenda baba yake kupita uji wenye sukari.

Kila jioni mtoto alimngoja mlangoni. Chande akimnyanyua tu, yeye hufukia pua kwenye shati la kazi mpaka usingizi umchukue. Zaituni alizoea kuwatania kwamba mkwe wao, siku atakapokuja kuposa, itambidi avae shati hilo, la sivyo atakataliwa.

Kisha mtoto akabadilika. Akakataa chakula, tumbo likamsokota, akapauka, na maneno mapya yakakoma kuja. Zahanati ilipeleka damu yake kupimwa, na majibu yakarudi kwamba ina risasi. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo Nesi Tunu alisema kwa kifupi tu: mtoto awekwe mbali na risasi.

Chande alirudi nyumbani amenyong'onyea. Hakuwahi kumpeleka mtoto karakana hata siku moja. Basi, akawaza, sumu imo mwilini mwangu, katika pumzi na jasho langu.

"Mke wangu, risasi yenyewe ni mimi," alisema. "Nitalala karakana mpaka apone."

Zaituni alimsihi, asisikie. Mlangoni Chande akavua shati, akamkabidhi.

"Akinililia, mfunike na hili. Na usilifue, harufu itatoka."

Karakana, wenzake walimcheka, wakamuuliza kama mkewe amembadilishia kitasa. Alicheka nao, kisha akalala juu ya magunia. Kila Jumamosi Zaituni alimletea shati safi na kuchukua alilolivaa wiki nzima, maana lile la zamani lilikuwa limeshapoteza harufu, na mtoto alikuwa hataki kulala bila harufu hiyo.

Wiki tatu zikapita. Badala ya kupata nafuu, Sikudhani akazidi kudhoofika.

Nesi Tunu akaamua kwenda kumwona nyumbani. Alimkuta mtoto kitandani, amekumbatia shati, ukosi wake umo mdomoni. Aliomba kitambaa cheupe, akakilowesha, akalipangusa shati mara moja. Kitambaa kikawa cha kijivu.

Chande akaitwa, akaja mbio.

"Fundi, wewe umehama, lakini sumu umeiacha kitandani," nesi alimwambia.

"Niliacha shati tu, nesi. Ili asinikose."

"Vumbi la risasi halina harufu. Harufu anayoipenda ni yako, vumbi limeidandia tu."

Chande akakaa chini. "Kwa hiyo kila Jumamosi..." Zaituni akamshika mkono, kwani mashati aliyabeba yeye.

Nesi hakuwakaripia. Lawama alijipa mwenyewe, kwa maneno yake machache ya siku ile, na safari hii akaeleza yote. Chande aoge kwa sabuni kabla ya kutoka kazini. Nguo na viatu vya kazi vibaki huko, na vifuliwe huko huko. Nyumba ipigwe deki kwa tambara bichi, isifagiwe kavu. Mtoto asikose kliniki. Na baba arudi nyumbani, kwa maana dawa ya mtoto haikuwa kumnyima baba.

Kesho yake jioni Chande alirudi ameoga, amevaa nguo safi. Sikudhani akamjia, akafukia pua kifuani, kisha akajivuta nyuma. Alinusa sabuni tupu. Akamtazama kama mgeni, na moyo wa Chande ukashuka.

"Mama, hunijui?" akamuuliza mwanawe taratibu.

Mtoto akaisikia ile sauti. Akarudisha kichwa kifuani, safari hii kwa sikio, akatulia hapo mpaka akalala.

"Afadhali," Zaituni akanong'ona, akifuta machozi. "Mkwe wetu atakuja na nguo zake mwenyewe."

Damu ilipopimwa tena baada ya miezi mitatu, risasi ilikuwa imepungua sana, na Sikudhani alikuwa ameanza kuomba uji kwa kulitamka neno lenyewe: "Uji!"

Funzo: Upendo peke yake hauoni vumbi. Kama kazi yako ina sumu, iachie kazi nguo zake, nyumbani urudi wewe mwenyewe. Na kama kuna fundi unayempenda, msomee hadithi hii kabla hajafika mlangoni.