Shibiri Moja ya Ukingo

Mwanakombo alikuwa amesuka mkeka wake miezi mitano. Bwana Zahrani, mwenye jumba la sanaa, alipouona akasema, "Nitauonyesha, lakini kwa jina la mke wangu. Hutaki, uondoke nao."

"Sawa, bwana," alijibu Mwanakombo kwa upole. "Ila niache shibiri moja ya ukingo bila kushonwa, na sindano palepale, wageni wajue ni kazi ya mkono."

"Hapo umenena."

Siku ya maonyesho wageni walimzunguka mke wa Zahrani, Mwanakombo akiwa amesimama kando. "Hebu tumalizie kidogo, bibi, tuone."

Bibi akaigeuza sindano, akajichoma kidole. "Mwanakombo," akanong'ona, "njoo uniokoe, mwenzangu."

Mwanakombo akaketi, akashona mpaka mwisho.

"Dada huyu anaitwa nani?" wageni wakauliza.

Zahrani mwenyewe akaenda kutafuta kalamu, abadilishe jina kwenye kadi ya mkeka.