Mlango wa Gololi

Fundi mmoja wa pampu za visima, jina lake Mbonea, alikuwa na mke, Nakijwa, ambaye mlango wa moyo wake ulikuwa umelegea. Damu iliyosukumwa mbele ilirudi nyuma, na Nakijwa hakuweza kutoka jikoni hadi uani bila kuketi njiani. Daktari alisema wazi: asipopata mlango mpya, hataiona masika.

Basi Mbonea na daktari wakaanza kuutengeneza. Mbonea aliupasua moyo wa kondoo, akaona mlango wake una vijipande viwili vyembamba kama majani. Akaazimia kuiga kazi ya Mungu kama ilivyo. Akakata majani mawili ya mpira, laini, ya kupendeza. Wakamwekea kondoo. Damu ikaganda kwenye maungio, kondoo akafa. Akakata mengine, mazuri zaidi. Kondoo mwingine naye akafa. Mbonea alilia, kisha akashika mkasi uleule.

Nakijwa alikuwa ameketi karakanani, kando ya pampu iliyofunguliwa. Ndani yake mlikuwa na gololi kwenye kizimba cha chuma. Maji yakipanda, gololi huinuka. Yakitaka kurudi, hushuka na kuziba.

“Na hii je?” akauliza.

“Hiyo ni ya kisima, mke wangu. Haifanani na moyo hata kidogo.”

“Baba Sekiete, mimi sikuomba mlango mzuri. Naomba mlango unaofunga.”

Mbonea akauweka mkasi chini.

Akatengeneza gololi ndogo ya mpira mgumu, na kizimba chake. Kondoo aliyewekewa aliamka, akasimama, akala majani. Mwezi ukapita, akampiga Mbonea kichwa magotini, naye Mbonea akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo daktari akampasua Nakijwa, akamwekea mlango kama huo.

Masika ilipoanza, Nakijwa alipanda mwenyewe kilima cha kanisani, matope miguuni, mumewe akihema nyuma yake. Wakati wa sala, watu walipokuwa kimya, kifua chake kikasikika: ta, ta, ta.

“Wifi, umemeza saa?” akanong'ona dada yake Mbonea.

“Ni mlango wangu unafunga. Siku ukinyamaza, ndipo mnililie.”

Mbonea alisikia, akainamisha uso, machozi na kicheko pamoja.

Nawe unayeomba kila siku, ni majibu mangapi umeyaacha karakanani kwa sababu hayakufanana na kile ulichopoteza?