Kadi ya Nyange

"Mficha bibi hana pa kumweka mama." Mnatupiana methali hiyo kila mtu anapojikweza, halafu mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Ilizaliwa maktabani, tena mchana kweupe.

Katika maktaba ya mkoa kuna chumba cha nasaba za watu wa huku. Ukoo haupokewi hivi hivi. Mwenye ukoo husimama mbele ya jamaa zake akawataja wazee wake kwa sauti, na mkutubi hubandika ukutani kadi ya kila jina, chini ya mzazi wake.

Siku ya Mhina chumba kilijaa. Wakwe zake, watu wa kujisikia, walikaa mbele. Mama yake, Nyange, alikaa nyuma na kanga yake mpya. Mhina alikwisha kuamua: bibi mzaa mama, Mashaka, hatamtaja ng'o. Mashaka alikuwa mpika pombe, na alimzaa Nyange bila mume. Lakini ndiye aliyemlea Mhina mpaka akaota ndevu.

Upande wa baba ulimtiririka mdomoni, mashehe kwa majumbe. Wakwe wakaridhika.

"Na mama yangu, Nyange," akamalizia harakaharaka.

Mkutubi, Bi Mkunde, akaandika kadi, akaipeleka ukutani, mkono ukabaki hewani.

"Nimbandike chini ya nani, kaka?"

"Mbandike tu hapo kando."

"Kando hakuna ukoo, kaka."

Nyange akainuka.

"Mhina mwanangu, mimi sikuokotwa."

Aibu ilimshika Mhina hadi masikio yakamwaka. Wakwe walimkodolea macho, lakini hao hawakumuuma tena. Kilichomuuma ni ile kanga, aliyoivaa mama kwa ajili ya siku yake.

"Mashaka," akasema kwa sauti ndogo. Akarudia. "Bibi yangu ni Mashaka, mpika pombe. Ndiye aliyenilea."

Bi Mkunde akaandika kadi ya Mashaka, akaibandika. Kabla hajaweka ya Nyange chini yake, Nyange mwenyewe alifika mbele, akaichukua mkononi mwa mkutubi taratibu.

"Nitairudisha siku utakayomtaja mama yangu bila kuulizwa," akamwambia mwanawe, akatoka.

Sasa pa kumweka palikuwapo, mama hayupo. Mhina alisimama akiutazama ukuta, machozi yakimlenga. Baba mkwe akatikisa kichwa, akasema polepole:

"Mficha bibi hana pa kumweka mama."