Kidani cha Bi Kanga Siku ya Kuoga Mwaka

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mna ugali mdomoni? Na nyinyi wakubwa huko nyuma, msijifanye hamsikii, hadithi si ya watoto peke yao. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hivyo ndivyo. Anayesinzia aende akalale, maana ya leo haina kicheko kingi. Ina bahari, ina kidani, na ina jirani.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kijiji kimoja na desturi moja, alikuwapo Bi Kanga. Bi Kanga wa siku hizo hakuwa huyu mnayemwona leo, shingo uchi kama kidole. Alikuwa na kidani. Kidani cha shanga nyekundu na shanga za samawati, safu juu ya safu, kilianzia kifuani kikapanda mpaka chini ya masikio. Akitembea, shanga zinalia: cheke, cheke, cheke. Alikivaa mama yake, na kabla ya mama yake alikivaa bibi yake.

Tena hakikuwa pambo tu. Kwa akina kanga, kidani ndicho kilichosema kwamba binti ana kwao. Siku ya harusi mama anakivua shingoni mwake, anamvisha binti mbele ya wakwe. Binti asiyevishwa kidani, wakwe husema, "Huyu ameokotwa." Humkalisha mwisho wa mkeka, na hapo mwisho wa mkeka ndipo anapozeekea.

Bi Kanga alikuwa na binti mmoja tu, Siwema. Harusi ya Siwema ilibakiza siku nne. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuoga mwaka.

Mnajua kuoga mwaka? Mwaka ukiisha, kijiji kizima hushuka baharini, wakubwa kwa wadogo. Nyumba hubaki tupu, milango wazi, hata moto wa jikoni huzimwa. Wakifika, huingia majini watupu, bila hirizi, bila pete, bila hata uzi kiunoni, kwa sababu cha mwaka wa zamani hakiogi na wewe. Wanazama mara tatu. Kinyongo, matusi, ugomvi wa mipaka ya shamba, vyote huachwa humo humo. Ukishatoka majini hukumbushii. Anayekumbushia huitwa mvunja mwaka, na njaa ikija, ni yeye aliyeileta. Desturi nzuri, au siyo? Hata mimi naipenda. Subirini.

Asubuhi ile Siwema alimwambia mama yake, "Mama, kiache kidani nyumbani. Tukifukie chini ya mtungi."

"Nikiache kwenye nyumba iliyo wazi? Una wazimu?" Bi Kanga akasema. "Kitakuwa salama hapa hapa shingoni; tukifika tutaona pa kukiweka."

Na tuseme ukweli, jamani, alitaka pia kuonekana. Nani asiyetaka? Binti anaolewa, kijiji kizima kiko pwani, na kidani kinang'aa. Akaenda njia nzima cheke, cheke, cheke, anaitika salamu ambazo hata hakupewa.

Wakafika pwani. Jua limepanda, mchanga unaunguza nyayo, maji yamejaa. Ngedere anavua kofia yake. Digidigi anakunja shuka yake. Bwana Ngiri, aliyekuwa mkuu wa mwaka, amesimama ukingoni anapiga makelele kana kwamba bahari ni ya baba yake. "Vueni! Vueni vyote! Mwaka unawasubiri!"

Bi Kanga akagusa kidani chake. Moyo ukasita.

"Tuoge kwa zamu," Siwema akamnong'oneza. "Ingia wewe kwanza, mimi nitakaa nacho hapa mchangani. Ukitoka, naingia mimi. Kuna ugumu gani?"

Hapakuwa na ugumu wowote. Bi Kanga alikuwa amekwisha fungua mdomo aseme ndiyo. Ndipo akatokea Nguchiro, anachechemea, mguu mmoja umefungwa jani.

Nguchiro alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Chumvi wakiazimana, moto wakiazimana. Siwema alipokuwa kifaranga akapatwa na homa, ni Nguchiro aliyekwenda kumchimbia mizizi. Si mtu wa kando, sikilizeni vizuri. Si mtu wa kando hata kidogo.

"Jirani, mnanong'ona nini?" akauliza. "Ni hicho kidani? Nipeni mimi. Mwaka huu siogi, ona kidonda changu. Nitakaa hapa nilinde vitu vya watu wote. Ogeni pamoja mama na binti. Mwaka ujao Siwema atakuwa kwa mumewe, utaoga na nani?"

Neno hilo lilimwingia Bi Kanga. Machozi yakamlengalenga.

"Ahsante, mjomba," Siwema akasema. "Lakini sisi tutaoga kwa zamu."

Nguchiro akaangalia chini. Kisha akasema, na hakusema polepole, "Sawa, mwanangu. Kama hamniamini, sawa. Siku kama ya leo."

Ngedere akageuka. Digidigi akageuka. Wote wanamtazama Bi Kanga, na Bi Kanga akaona haya. Haya, jamani! Mtu anaweza kukunyang'anya kitu kwa rungu, na anaweza kukunyang'anya kwa kukutia haya tu mbele ya watu, na rungu angalau unaliona linakuja.

"Siwema! Adabu yako iko wapi?" Bi Kanga akafoka. Akakivua kidani, safu baada ya safu. Akakifunga ndani ya jani la mgomba. "Shika, jirani."

"Nimeshika, jirani. Nitakilinda kama jicho langu."

Wakaingia majini. Bwana Ngiri akaanza:

"Mwaka nenda!"

"Nenda na yako!"

"Mwaka njoo!"

"Njoo na yetu!"

Wakazama mara ya kwanza, chubwi! Bi Kanga akaibuka, akatazama ufukoni. Nguchiro amekaa kitako kando ya vitu. Sawa.

"Mwaka nenda!"

"Nenda na yako!"

Wakazama mara ya pili, chubwi! Bi Kanga akaibuka, macho yanawasha kwa chumvi. Nguchiro amesogea kwenye kichaka, amewapa mgongo, na mchanga unaruka: fu, fu, fu. Anafanya nini yule? Bi Kanga akajijibu mwenyewe, anafukuza kaa. Mtu akishamwamini mwenziwe huwa anamtungia na majibu.

Wakazama mara ya tatu, chubwi! Alipoibuka, Nguchiro huyo anakuja mbio, hachechemei tena, jani la mguuni limeshadondoka. Akajitosa: chubwi, chubwi, chubwi, mara tatu za haraka haraka.

"Kidonda kimepoa!" akapiga kelele. "Maji ya mwaka hayo!"

Watu wakacheka. Bi Kanga naye akacheka. Alimfurahia. Ndiyo, alimfurahia kwa moyo wake wote, na kicheko hicho alikuja kukijutia kuliko kidani chenyewe.

Wakatoka majini. Kofia ya Ngedere ipo. Shuka ya Digidigi ipo. Jani la mgomba lipo, limefungwa vile vile. Bi Kanga akalifungua.

Ndani mlikuwa na mchanga.

Akalitikisa. Mchanga. Akaligeuza. Mchanga. Akakaa hapo hapo.

"Jirani," akasema, "kidani kiko wapi?"

"Si hicho hapo?"

"Huu ni mchanga."

"Maskini! Basi ni kunguru hao. Nilipitiwa na usingizi kidogo."

Siwema akamtazama usoni. "Kunguru alifungua jani, akatoa kidani, akatia mchanga, halafu akalifunga tena?"

Nguchiro akaanza kujikung'uta maji.

Hapo Digidigi akamsogelea Bi Kanga, akamwambia sikioni, "Nilimwona. Alichimba pale kichakani. Kisha mkewe akapita na kikapu."

Siwema, aliyekuwa kando, kusikia tu akakimbia. Akafika kichakani, akachimba kwa miguu yote miwili. Shimo lilikuwapo, mchanga bado mbichi, na ndani yake ushanga mmoja, mwekundu. Mke wa Nguchiro na kikapu chake hakuonekana pwani nzima.

Bi Kanga akauchukua ule ushanga, akaenda nao mpaka mbele ya Bwana Ngiri. Maji yanamchuruzika, shingo iko wazi. Watu wakakusanyika.

"Bwana mkuu, nimeibiwa. Nguchiro ameniibia kidani cha mwanangu. Ushahidi huu hapa. Na Digidigi alimwona."

Bwana Ngiri akamtazama Digidigi. Digidigi akamtazama Nguchiro, akatazama watu, akatazama kwato zake.

"Mimi," akasema, "nilikuwa na maji machoni."

"Si umeniambia sasa hivi?" Bi Kanga akalia.

"Nilikuwa na maji machoni, dada."

Bwana Ngiri akakohoa. "Bi Kanga, kidani chako kimepotea saa ngapi?"

"Nilipokuwa majini."

"Ulikuwa umemaliza kuzama mara tatu?"

"Bado."

"Basi kimepotea mwaka jana. Na Nguchiro ameoga, sote tumemwona. Jambo la mwaka jana limekwenda na maji."

"Kwa hiyo mtu akitaka kuiba, aibe saa ya kuoga, kisha azame?"

"Unatuvunjia mwaka, mama."

"Mwanangu anaolewa baada ya siku nne!"

"Unatuvunjia mwaka!" Ngedere akapaza sauti, na kofia yake iko salama kichwani. "Tuna watoto sisi! Unataka njaa?"

"Nyamaza, Bi Kanga!"

"Samehe, mambo yaishe!"

"Mbona mimi sikuibiwa?"

Kijiji kizima kikambwatukia, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia Nguchiro. Bwana Ngiri akauchukua ule ushanga mwekundu kutoka mkononi mwa Bi Kanga. Akauinua juu, watu wauone. Akautupa baharini, mbali.

"Imekwisha," akasema. "Twendeni tukawashe moto."

Watu wakaondoka wakiimba. Nguchiro aliimba kuliko wote. Siwema alimshika mama yake begani, wala hakusema, "Si nilikuambia?" Laiti angesema! Bi Kanga angalau angepata wa kugombana naye.

Siku ya nne ikafika. Wakwe wakaja, mikeka ikatandikwa, ngoma zikalia. Mke wa Nguchiro naye akaja. Alikuja cheke, cheke, cheke. Kidani kimemzunguka shingo, safu juu ya safu, kasoro ushanga mmoja. Mchana kweupe, mbele ya watu. Nani angesema neno? Kilikuwa kitu cha mwaka jana. Akina mama wakampisha, akakaa mbele.

Bi Kanga akapeleka sinia la wali. Desturi ni desturi, mgeni hapitwi. "Karibu, jirani," akasema. Akalisogeza sinia, akasema tena. "Karibu, jirani."

"Nimekaribia. Hongera kwa binti," mke wa Nguchiro akajibu, akanawa mikono.

Mama mkwe akauliza, "Kidani cha bibi harusi kiko wapi?"

Akisema ukweli, amevunja mwaka. Bi Kanga akainama kupanga masinia. Wakwe wakatazamana. Mmoja wao akasogea kidogo, akaonyesha kwa kidole, na Siwema akaenda akakaa pale alipoonyeshwa, mwisho wa mkeka. Hakulia. Ni mama yake aliyelia, jikoni, akisingizia moshi.

Mwaka ukapita. Siku ya kuoga ikarudi. Bwana Ngiri akapita nyumba kwa nyumba. "Bi Kanga! Bi Kanga! Toka twende baharini tukaoge, tutakate!"

Bi Kanga alikuwa uani peke yake. Hakuinuka.

"Maji yaliyomtakasa Nguchiro," akasema, "yatanitakasa mimi nini?"

Akalala ubavu pale pale chini, akajitupia vumbi mgongoni, pu, pu, pu. Akageuka ubavu wa pili, pu, pu, pu. Huko ndiko kukawa kuoga kwake. Mpaka kesho kanga haogi maji, anaoga mavumbi. Ile ngozi ya samawati na wekundu mnaouona shingoni mwake ni rangi za shanga zilizomwingia mwilini, maana zilikaa hapo miaka mingi. Na ndiyo maana akiona mtu anakaribia vitu vyake hupiga kelele, kekereke, kekereke, mpaka majirani wakamwita mkorofi.

Sasa funzo, kabla hamjaanza kupiga miayo. Ukienda kuoga baharini, kitu chako cha thamani kifiche nyumbani; na kama huna budi kwenda nacho, ogeni kwa zamu, wewe na mtu wako, na atakayenuna na anune. Na nyinyi wakubwa mliokaa huko nyuma, lenu ni hili: mkimwambia aliyeibiwa anyamaze ili mambo yaishe, hayajaisha, mmemsaidia mwizi kubeba.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkiinuka, kila mtu aangalie alichokuja nacho.