Mtoto Aliyeshusha Wastani

Palikuwa na mama mmoja fundi cherehani. Simtaji jina wala mtaa, na ninyi mnaopenda kunusa mtanusa baada ya ibada. Mimi mwenyewe umbea naupenda, kwa hiyo wenzangu nawajua kwa kuwaangalia macho tu.

Mama huyu alikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja. Maneno yalimtoka polepole, moja moja. Herufi za ubaoni zilimchanganya, na makelele yakizidi aliziba masikio akalia. Sasa shuleni kwao darasa moja lina watoto tisini. Mwalimu akamweka dawati la mwisho, karibu na mlango, akamsahau hapo kama ufagio, mpaka wakafika darasa la nne.

Siku ya mtihani wa majaribio, mama akapita shuleni saa nne kumpelekea sweta. Darasani hayumo. Akatafuta, akamkuta stoo ya majembe, peke yake, amekalia gunia, na mlango umefungwa kwa nje. Mmesikia? Kwa nje.

Akaenda ofisini. "Mwalimu mkuu, mwanangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, mama. Ila akifanya mtihani anatushushia wastani. Tumempumzisha."

"Mmempumzisha na majembe?"

"Mama, usilete jazba. Huyu hata akikaa nyumbani, hakuna kitakachopungua."

Mama akamtazama. "Hapo umesema kweli," akasema. "Nyumbani hakutapungua kitu." Akamshika binti mkono, wakaondoka, na hawakurudi.

Nawauliza, ninyi mngefanyaje? Mngemvalisha sare kesho yake mkamrudisha stoo?

Yeye akaamua kumfundisha mwenyewe. Elimu yake ni darasa la saba, na kwenye cherehani hana msaidizi. Akampa mtoto futi ya kupimia nguo. Namba zilizokuwa zinamkimbia ubaoni, kwenye futi zilikaa kwenye mstari, akazigusa kwa kidole. Herufi akazipanga kwa vifungo mezani. Kuna siku mama alitupa daftari uani kwa hasira, kisha akalifuata. Kuna siku mteja alingoja gauni mpaka akaondoka akisonya, kwa sababu herufi moja ilikuwa imegoma. Miezi minane wakaenda hivyo.

Na mtaani je? Midomo. "Amemgeuza mtoto mfanyakazi." "Amemficha ndani, kuna ushirikina pale." Akina mama wa kanisa wakakaa kikao, wakachagua watatu waende. Wakabeba sukari kilo mbili na mche wa sabuni, maana kwenda kumsema mtu mikono mitupu ni kukosa adabu.

Mwenyekiti wao akaanza. "Mwenzetu, tumekuja kwa upendo. Wiki hii mtoto arudi shule, la sivyo jina lako tunalipeleka kwa mtendaji wa mtaa."

Mama akageukia mlango wa ndani. Akaita tu, "Mwanangu, wapime wageni."

Binti akatoka. Akatoa shikamoo tatu, kila mgeni ya kwake. Akamzungushia mwenyekiti futi nyongani, akainama, akaandika kwenye daftari, muda mrefu, mpaka mwenyekiti akaanza kuguna. Kisha akasoma: "Mama. Mwenyekiti. Nyonga. Hamsini. Na mbili."

Wale wawili wakajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Mwenyekiti akalinyakua daftari aone kama kweli imeandikwa. Imeandikwa, tena vizuri.

Hapo akalainika. "Kumbe anaweza. Bwana asifiwe. Basi Jumapili umlete mbele atoe ushuhuda, tumpigie vigelegele."

"Jumapili?" mama akauliza. "Mmesahau Jumapili mlikuwa mnamkalisha wapi?"

Hawakuwa wamesahau. Ngoma za kwaya zilimliza mtoto yule, na wao ndio waliomwambia mama amkalishe nje, nyuma ya tangi la maji, wageni wasije wakaona vibaya. Mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia mpiga ngoma apunguze mkono.

"Shule ilimweka karibu na mlango," mama akasema. "Ninyi mlimweka nje ya mlango. Sukari yenu hiyo, ondokeni nayo. Na kwa mtendaji msihangaike, nitakwenda mwenyewe, na daftari lake, na habari ya ile stoo."

Sasa mbona mmeinama?

Sisi tunampenda mtoto wa namna hii akishafaa kusimamishwa mbele. Siku anayolia hatumtaki. Mzazi akimtoa shuleni tunafika mbio kuuliza kwa nini amemtoa, wakati siku alizokuwa anafungiwa humo hakuna aliyepita hata kusalimia. Tunamwita mama mkaidi. Hivi mlitaka awe mpole, azidi kumpeleka kila asubuhi akafungiwe, ili sisi turidhike kwamba mtoto anasoma? Halafu tunaingia humu, tunainua mikono, tunaimba kwamba kwa Mungu wote ni sawa. Nani ametuambia Mungu yuko huku ndani tu na macho yake hayafiki kwenye tangi la maji?

Mnaogeuza shingo kumtafuta, hayupo. Hajakanyaga hapa tangu siku ile tuliyotoka kwake. Ndiyo, tuliyotoka, nami nilikuwamo katika wale watatu. Nilicheka pale, na nilipofika nyumbani sikulala.

Kesho naenda kumwomba radhi yule binti, yeye kwanza, ndipo mama yake. Simwambii arudi kanisani. Anayetaka tufuatane anikute getini saa mbili. Asiyetaka abaki kwake, na mdomo wake abaki nao.