Hodi ya Tatu

Sogeeni, wanangu, ila mlango urudisheni kwanza.

Palikuwa na zimwi lenye buti na bunduki, lililoupindua mji wa Kwanyange likajitangaza mfalme. Lilikuwa likipiga hodi, na nyumba iliyoitikia "Karibu" liliingia, likachukua mtu, likazidi kunenepa. Na watu wa Kwanyange walilelewa kwa adabu. Nani apigiwe hodi anyamaze?

Bi Mwanashaha naye aliitikia, yuko jikoni anakuna nazi. Likamchukua mwanawe Shekue, aliyesema sokoni kwamba mfalme huchaguliwa na watu.

Ndipo wanawake wakanong'onezana kisimani. "Mila yetu ni hodi tatu," alisema Bi Mwanashaha. "Mgeni asipoitikiwa, huenda zake. Basi tusiitikie, mji mzima."

Asubuhi zimwi lilipita nyumba hadi nyumba. Kimya. Kila mlango ulilipunguza unene, hata likafika kwa Bi Mwanashaha, nyumba ya mwisho.

"Hodi," likanguruma. Kimya.

"Hodi, bibi, nimekuletea mchele." Kimya.

Kisha sauti ya Shekue: "Hodi, mama. Ni mimi, wameniachia."

Bi Mwanashaha akauma upindo wa kanga. Hakuitikia.

Alipofungua, alikuta buti tupu kizingitini, na nyayo za mtu peku zikienda zake. Mji ukashangilia. Waliochukuliwa wakarudi wote, isipokuwa Shekue.

Zile nyayo zilikuwa za zimwi, au za Shekue? Mimi msimulizi sijui. Najua tu kwamba tangu siku ile mlango wa Bi Mwanashaha haufungwi.