Siku Kilongo Ilipoisindikiza Ndui

"Msindikiza maradhi hurudi nayo."

Ndivyo nilivyosema, Eliamani, na usinitazame kana kwamba nimekutukana. Mmekuja kuniomba uwanja wangu mfunge turubai, mwite kijiji kizima na kwaya mbili, mle pilau la kuiaga korona. Nimewajibu kwa methali, mkaanza kuulizana kwa macho bibi ana maana gani. Haya, kaeni. Nangasu, sogeza huo ungo tuchambue mchele, mikono isikae bure. Maneno haya chanzo chake ni hapa hapa milimani. Mimi niliyapata kwa bibi yangu, naye aliyapata kwa bibi yake.

Zamani hizo, kabla ya Wajerumani, ndui iliingia Kilongo pamoja na wachuuzi wa chumvi. Ilipoua watu wa nyumba tatu, wazee wakaweka matawi ya miiba njiani ili mgeni asipite. Kila nyumba ikala peke yake. Maiti akazikwa na watu wanne, basi. Hata msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mfereji, ulisimamishwa. Wagonjwa walipelekwa kwenye kibanda ng'ambo ya kijito, wakauguzwa na mama mmoja aitwaye Nakiete. Yeye aliugua ndui utotoni akapona, na makovu yalijaa usoni. Aliyeugua mara moja haugui tena, hilo walilijua bila daktari.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndui ilikaa miezi saba na hakuna aliyeweza kuipa jembe.

Mwezi wa nane haukuwa na msiba hata mmoja. Watu wakaanza kuchungulia nje, wakaanza kusalimiana kwa mikono wakidhani hawaonekani. Ndipo kikao kikaitwa, nacho kiliitwa na Senkondo, mkuu wa ukoo. Huyu Senkondo alikuwa na mtoto mmoja tu, binti yake Namkunda, aliyeposwa bonde la pili. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya ugonjwa, na wakwe walikwisha kutuma mtu kuuliza kama bado kuna mke au wakatafute kwingine.

"Mama Nakiete," Senkondo akasema, "wewe ndiye unayewaona wagonjwa. Tuambie, imekwisha?"

"Imepungua, baba. Kupungua si kwisha. Ninaye mmoja kibandani, magamba ya vidonda vyake hayajaanguka. Nipeni mwezi mmoja."

"Huo mwezi mmoja ulezi utakuwa umekauka shambani," mtu mmoja akadakia. "Mfereji umeziba tangu masika. Tuliopona ndui tufe kwa njaa?"

Na huyo naye alisema kweli, msimdharau. Njaa si hadithi.

"Mfereji nendeni kauzibueni hata kesho," Nakiete akajibu. "Mtu na mwenzake waachane hatua kumi, kila mmoja na kibuyu chake cha maji. Sijazuia kazi mimi. Ninachokataa ni ngoma na kunywa kwenye kata moja."

"Na mwanangu je?" Senkondo akauliza. "Miezi saba amekaa ndani kama mfungwa. Wenzake wa bonde la pili wana watoto mgongoni. Nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri mwezi mmoja."

Sasa niwaambie kosa letu sisi watu wa mlimani. Mgeni akiondoka kwetu hatumwachi mlangoni. Tunambebea mzigo wake, tunamsindikiza mpaka njia panda, tunapeana mikono, ndipo tunarudi. Aliyeondoka bila kusindikizwa huhesabu kwamba amefukuzwa. Basi wazee wakasema ndui nayo ni mgeni, tena mgeni mkali. Isiposindikizwa kwa heshima itarudi na hasira, na harusi itakayofungwa kabla ya hapo haitakuwa na baraka.

"Mgeni ambaye hakupiga hodi, mnamuaga kwa lipi?" Nakiete akawauliza.

Walicheka. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kikao kilipotawanyika, Senkondo alikwisha kuamua.

Siku ya tatu, Nakiete alipokwenda kutafuta kuni, Senkondo akatuma vijana wawili kibandani. Wakachukua ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akilalia yule mgonjwa wa mwisho. Wazee wakaikunja, wakaifunga kwa kamba kama mzigo wa msafiri, maana ndui ilikuwa safarini na lazima iwe na mzigo. Kijiji kizima kikatoka. Dengelua, pombe yetu ya miwa, ikanywewa kwa kata moja kutoka mkono hadi mkono. Mzigo ukabebwa kwa zamu, kila bega lipate baraka. Namkunda alipewa heshima ya kuubeba wa kwanza, kwa kuwa harusi iliyosubiriwa ilikuwa yake. Walifika njia panda, wakautupa ule mzigo kichakani, wakarudi wakiimba bila kugeuka nyuma.

Msidhani walikuwa wajinga. Umezika miezi saba bila kulia na wenzako, halafu unasikia ngoma, utakaa ndani? Hata mimi ningetoka, na ningeimba kuliko wote.

Nakiete aliporudi akamkuta mgonjwa wake amelala juu ya majani. Akauliza ngozi iko wapi, akaambiwa. Akaweka kuni chini, akakaa, akalia. Kisha akaenda kukata fito za kuongezea kibanda, kwa kuwa alijua kitajaa.

Harusi ilipangwa siku ya kumi na tano baada ya ngoma hiyo. Siku ya kumi na mbili Namkunda aliamka na homa, anasema mgongo unauma. Kufikia mwisho wa juma hilo walikuwa wameugua watu ishirini na sita, wengi wao waliobeba ule mzigo.

Senkondo hakuruhusiwa kuvuka kijito. Kila asubuhi alisimama ukingoni na kuita, "Namkunda, umeamkaje?" Naye alijibu kutoka kibandani, "Salama, baba." Salama yenyewe haikuwepo, uso mzima ulikuwa umevimba na macho yamefunga, lakini mtoto wa kwetu hamjibu baba yake vingine. Sauti ikawa inapungua siku hadi siku. Siku ya tisa Senkondo aliita mara tatu. Aliyetoka alikuwa Nakiete, akasimama mlangoni mikono kichwani.

Wakazika watu kumi na wanane. Na ulezi ulikauka vilevile, maana nani angekwenda mferejini?

Ilichukua miezi minne mingine mpaka magamba ya mgonjwa wa mwisho yakaanguka yote. Safari hii hakuna aliyemharakisha Nakiete. Alisubiri mwezi wake mzima, akachoma kibanda, akachoma ngozi na mikeka, akavuka kijito na kusema, "Sasa." Kikao kikaitwa tena. Wakakubaliana waanze na mfereji, soko lifuate mwezi ukiandama, na harusi baadaye. Walikuwa wanakaribia kuinuka, mzee mmoja akakohoa. Mila ni mila, jamani, ilikuwa inamkereketa.

"Na mgeni wetu," akasema, "safari hii aondoke hivihivi, bila kusindikizwa?"

Watu wote wakamgeukia Senkondo. Tangu amzike binti yake alikuwa haongei kikaoni, anakuja tu na kukaa.

"Mimi niliisindikiza," akasema. "Niliifikisha njia panda nikairudia nyumba yangu nikiimba, nikijua nimeiacha kule kichakani. Kumbe nilikuwa nimemtwisha mwanangu begani, kwa mikono yangu hii. Fungueni mfereji. Fungueni soko siku yake ikifika. Ozeni watoto wenu, mimi wangu hayupo. Lakini asije mtu kuniitia ngoma ya kuaga ugonjwa. Msindikiza maradhi hurudi nayo."